Nani ataihariri hadithi ya kikapu cha Tanzania?

WAKATI mpira wa kikapu wa kulipwa ukizidi kuota mizizi barani Afrika, lipo swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha hapa nchini: nani anazitunza picha za mchezo huo, na nani atakuja kuzipanga ziwe hadithi? Mbele ya upungufu wa viwanja, mipira na makocha, swali hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini kwa Mwanza, jiji ambalo limewahi kuonja uchungu wa kusimuliwa na wengine, haliwezi kuitwa swali la anasa.

Mwelekeo wa mambo unajulikana. Ligi ya Kikapu ya Afrika (BAL), inayoendeshwa kwa ubia wa NBA ya Marekani na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA), ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Kigali Mei 2021, na Zamalek ya Misri ikatwaa ubingwa. City Oilers ya Kampala ilishiriki mwaka 2023 na 2024, kisha Nairobi City Thunder ikaingia mwaka 2025. Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, ilicheza Kombe la Dunia la 2023 na Olimpiki ya Paris ya 2024. Wiki moja kabla ya Olimpiki hiyo, ilifungwa na Marekani kwa tofauti ya pointi moja tu, 101 kwa 100, katika mchezo wa kirafiki uliofanyika London.

Kila yanapopatikana mafanikio ya aina hiyo, kamera hufuata. Na kamera zikishafika, haziishii kurusha mechi. Huzaliwa filamu za makala, yaani filamu zinazosimulia maisha ya watu halisi na matukio yaliyotokea kweli, bila waigizaji. Kikapu ni mmoja wa michezo iliyotengenezewa filamu nyingi za aina hiyo duniani, na filamu hizo ndizo zinazobaki katika kumbukumbu za watu baada ya matokeo ya mechi kusahaulika.

Katika kata ya Mabatini, wilayani Nyamagana, ambako nyumba zimepanda juu ya mawe na Mto Mirongo unapita kuelekea Ziwa Victoria, kijana anayependa kikapu anaweza leo kutazama maisha ya Michael Jordan kwenye simu yake, saa kwa saa, tangu utoto hadi ubingwa wa sita. Hawezi kupata kwa urahisi huo filamu inayosimulia maisha ya wanaocheza kwenye viwanja vya Mirongo, katika jiji lake mwenyewe. Anamjua mchezaji wa Chicago kuliko anavyomjua aliyetoka mtaa wa pili.

Mtanzania mmoja, hadithi mbili

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mzaliwa huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alianza kucheza kikapu akiwa tayari kijana wa miaka takriban 15, umri ambao wenzake wengi wa Marekani huwa wameshacheza kwa miaka mingi. Akapitia Kenya, kisha Texas, na hatimaye Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho alikifikisha nusu fainali ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2009. Juni mwaka huo, Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya walioingia NBA, nyuma ya Blake Griffin pekee.

Kuanzia hapo hadithi inagawanyika. Kwa wasimuliaji wengi wa Marekani, Thabeet hutajwa katika orodha za wachezaji waliochaguliwa mapema wakashindwa kutimiza matarajio. Mara nyingi hukumbushwa kwamba walioitwa baada yake ni pamoja na James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Hukumbushwa pia kwamba Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, alipelekwa katika ligi ya chini kuichezea Dakota Wizards. Hadi mwaka 2014 alikuwa amepita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, akacheza mechi 224 za msimu wa kawaida, kisha akaendelea na kazi yake Japan na Taiwan.

Yote hayo ni kweli. Lakini ukweli huohuo ukipangwa upya unatoa maana nyingine. Mhariri anayeanzia New York, usiku wa kuitwa jina, atamaliza na kushindwa. Mhariri anayeanzia Dar es Salaam, kwa kijana ambaye hakuwa na ligi ya vijana ya kumlea, atamaliza na swali zito zaidi: iliwezekanaje mtu aliyechelewa hivyo kufika huko, na kwa nini njia aliyoipita haikujengwa ikawa barabara ya wengine? Hakuna kati ya wahariri hao wawili anayedanganya. Tofauti yao ni mahali pa kuanzia na mahali pa kukata.

Watazamaji wa Tanzania wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhaniwa. Katika vibanda umiza, filamu za nje zilitafsiriwa kwa miaka mingi na wasimuliaji waliopachika sauti zao juu ya picha, akiwamo Lufufu aliyevuma sana. Picha ilibaki ileile, lakini mzaha, lawama na funzo vilibadilika kulingana na kinywa cha msimuliaji. Chumba cha uhariri hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa ukimya, na mtazamaji haoni mkono unaoifanya.

Muda una thamani kuliko kamera

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba kazi hii ni ya matajiri. Historia ya filamu za kikapu haiungi mkono hoja hiyo moja kwa moja.

Aprili 2008, mwongozaji Spike Lee alizungusha kamera 30 katika mechi moja ya Los Angeles Lakers dhidi ya San Antonio Spurs, zote zikimfuata Kobe Bryant. Filamu iliyotoka mwaka 2009, Kobe Doin' Work, ina picha safi mno, na kwa wanaosomea ufundi wa mchezo ina manufaa yake. Lakini ni filamu ya usiku mmoja.

Kinyume chake ni Hoop Dreams ya mwaka 1994. Steve James na wenzake, Frederick Marx na Peter Gilbert, walianza na ruzuku ndogo na wazo la filamu fupi ya nusu saa kuhusu vijana wawili wa Chicago, Arthur Agee na William Gates, waliokuwa na ndoto ya kucheza NBA. Waliishia kuwafuata kwa takriban miaka mitano, kwa kamera za video za wakati huo ambazo leo simu nyingi zinazishinda kwa ubora wa picha. Walipomaliza walikuwa na takriban saa 250 za picha, wakazipunguza hadi dakika kama 170. Kwa hesabu hiyo, kila saa moja iliyofika kwenye skrini ilitokana na karibu saa 88 zilizorekodiwa.

Agee na Gates hawakufika NBA. Hata hivyo filamu yao ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance na ikawania Oscar ya uhariri, na mhakiki Roger Ebert aliitaja kuwa filamu bora ya miaka ya 1990. Kilichoifikisha huko ni subira: kamera ilikuwapo siku ya ushindi, ilikuwapo siku goti lilipoumia, na ilikuwapo pia siku umeme ulipokatwa nyumbani.

Upo sababu ya kiufundi inayoifanya subira iwe na thamani zaidi katika kikapu. Mechi ya soka inaweza kuamuliwa kwa bao moja, na mhariri akalijenga simulizi zima juu ya bao hilo. Katika kikapu cha NBA, timu mbili kwa kawaida hufunga pamoja zaidi ya pointi 200 ndani ya dakika 48. Kikapu kimoja, kikitazamwa peke yake, hakina uzito. Hupata uzito pale mtazamaji anapojua mfungaji ametoka wapi, nani aliyemweka benchi wiki iliyopita na nani anamsubiri nyumbani. Vitu hivyo havipatikani uwanjani siku ya fainali. Hupatikana kwa kumfuata mtu kabla hajawa maarufu.

Hapa ndipo Tanzania inapopoteza. Filamu ya mchezaji atakayefanikiwa mwaka 2035 inapaswa kuanza kurekodiwa sasa, akiwa bado katika mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA, wakati hakuna anayejua kama atafanikiwa. Asiporekodiwa, siku atakapong'ara picha pekee zitakazokuwapo ni za ligi ya huko aliko. Picha za mechi za NBA ni mali ya ligi hiyo, na mtayarishaji anayezitaka hana budi kuomba kibali na kuzilipia. Mtanzania atajikuta akinunua kwa dola kumbukumbu za Mtanzania mwenzake.

Gharama ya kutunza haitishi kama inavyodhaniwa. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 22.5 kwa saa. Saa 100 za picha zinahitaji kama terabaiti 2.25, na nakala ya pili inayohifadhiwa jengo jingine inafanya jumla iwe terabaiti 4.5, kiasi kinachoenea katika diski chache za dukani. Kigumu zaidi ni nidhamu: kila kipande kiandikwe tarehe, mahali, majina ya waliomo na kilichotokea. Picha isiyo na maelezo hayo, baada ya miaka kumi, ni sawa na picha iliyopotea. Hata mashirika makubwa yalijifunza kwa maumivu. BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970 ili zitumike tena, na baadaye ikaanza kuzisaka dunia nzima.

Mwenye picha ndiye mwenye neno

Pamoja na hayo, kutunza picha peke yake hakutoshi. Suala la nani ana haki ya kuziachia lina uzito uleule, na hilo linaonekana vizuri katika The Last Dance, mfululizo wa sehemu kumi uliorushwa Aprili na Mei 2020 wakati dunia imefungiwa ndani na janga la Uviko-19.

Msimu wa 1997/98, kitengo cha filamu cha NBA kiliruhusiwa kuwafuata Chicago Bulls hadi vyumba vya kubadilishia nguo. Makubaliano yalikuwa kwamba picha hizo hazitatumika bila ridhaa ya Jordan. Matokeo yake, takriban saa 500 za picha zilikaa ghalani kwa karibu miaka 20, hadi Jordan alipokubali mwaka 2016. Mwongozaji Jason Hehir alifanya mahojiano na watu zaidi ya 100, na kazi hiyo ikapata tuzo ya Emmy mwaka 2020.

Ulikuwa mfululizo wa kuvutia, lakini kampuni ya Jordan mwenyewe, Jump 23, ilikuwa miongoni mwa washirika wa utayarishaji. Mtengenezaji filamu mkongwe Ken Burns alilikosoa hadharani jambo hilo, akieleza kwamba mhusika akiwa na mkono katika utayarishaji, yapo mambo ambayo hayatatokea kwenye skrini. Scottie Pippen, aliyecheza bega kwa bega na Jordan katika ubingwa wote sita, alilalamika katika kitabu chake cha mwaka 2021 kwamba yeye na wachezaji wenzao walifanywa mapambo ya hadithi ya mtu mmoja.

Somo hilo linawahusu Watanzania. Nchi hii inajua nguvu ya filamu ya makala tangu Aprili 2022, ilipozinduliwa Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan aliwatembeza watazamaji katika vivutio vya utalii akiwa na mwandishi Peter Greenberg. Filamu ile ilikuwa na kazi yake ya kuitangaza nchi, na haikuificha. Hatari inakuja pale kila filamu inapotakiwa kufanya kazi hiyo. Klabu, chama cha mchezo au mdhamini akigharamia filamu kuhusu yeye mwenyewe, ni vigumu mhariri kuacha ndani ya filamu mshahara uliocheleweshwa, ahadi ya uwanja isiyotimizwa au jeraha lililopuuzwa. Filamu hugeuka tangazo refu, na mtazamaji wa mjini, ambaye amezoea matangazo, huligundua mapema.

Kwa hiyo kauli kwamba 'tusimulie wenyewe hadithi zetu', ingawa ni ya haki, haijakamilika. Msimuliaji wa nyumbani naye anaweza kuficha. Linalotakiwa ni msimuliaji anayeijua lugha na mazingira ya anaowarekodi, ambaye wakati huohuo hayupo mfukoni mwao.

Mwanza na jeraha la mwaka 2004

Jiji la Mwanza lina sababu ya pekee ya kulitafakari hili. Mwaka 2004 mwongozaji wa Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, iliyopigwa kandokando ya Ziwa Victoria. Ilizungumzia sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo zilizoisafirisha Ulaya, na umaskini wa watu waliobaki na mapanki. Ilishinda tuzo kadhaa za Ulaya na kuwania Oscar mwaka 2006.

Nyumbani ilipokewa kwa hasira. Mwaka 2006 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliilaumu hadharani kwa kuichafua nchi, na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Lawama kubwa zaidi ilihusu dokezo kwamba ndege zilizokuja kuchukua samaki huenda zilikuwa zikileta silaha. Mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, aliandika kuipinga filamu hiyo, na mwaka 2008 mahakama mjini Paris ikampa Sauper ushindi katika kesi ya kashfa dhidi yake.

Iwe filamu ile ilikuwa ya haki au la, na hadi leo wapo wanaoitetea kwa kuonyesha umaskini ambao wakubwa hawakutaka uonekane, mambo mawili hayana ubishi. La kwanza ni kwamba kwa mamilioni ya watu wa nje, Mwanza ikawa ndiyo ile ya kwenye filamu, na haikuwapo filamu ya pili ya kupima nayo ya kwanza. Jiji lililokuwa na walimu, wavuvi, wafanyabiashara, wanafunzi na wachezaji wake lilipunguzwa likawa dakika zisizozidi 110. La pili ni kwamba gharama ya filamu ilibaki kwa walioonekana ndani yake. Mwandishi wa habari wa Mwanza aliyehojiwa katika filamu hiyo alikamatwa na polisi mwaka 2006, wakati filamu yenyewe ikiendelea kuonyeshwa kumbi za Ulaya.

Maandamano hayakubadilisha hata picha moja ya filamu ile. Jibu la filamu ni filamu nyingine, na jibu hilo halikupatikana kwa sababu hazikuwapo picha za kulijengea. Hilo ndilo linaloiunganisha habari ya sangara na habari ya kikapu. Siku mtayarishaji wa nje atakapokuja kumfuata mchezaji wa kulipwa aliyetokea kanda ya ziwa, kuna uwezekano mkubwa atatafuta picha ambazo tayari anazo kichwani: mabati yenye kutu, mtoto asiye na viatu, mpira uliochakaa. Hizo nazo ni kweli. Lakini bila hazina ya picha za nyumbani, hakutakuwa na kitu cha kumwonyesha kwamba mtoto huyo alikuwa na kocha, alikuwa na ratiba ya mazoezi, alikuwa na mama aliyepinga mchezo kwanza akakubali baadaye, na alikuwa na wapinzani waliomfunga mara nyingi kabla hajawazidi.

Yanayowezekana sasa

Mwanza haianzi na mikono mitupu. Ni jiji lenye Star TV na Radio Free Africa, na lenye Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kule Malimbe, ambacho kimefundisha waandishi wa habari tangu enzi za chuo cha Nyegezi. Kila mwaka wanafunzi wa habari wanahitaji kazi za vitendo. Wakigawiwa klabu na shule, kila kundi likarekodi msimu mmoja na kulikabidhi kundi la mwaka unaofuata, ndani ya miaka mitano jiji litakuwa na hazina ambayo leo hakuna fedha inayoweza kuinunua, kwa sababu miaka iliyopita haiuzwi.

Eneo la pili ni mikataba. Thamani ya picha za michezo nchini haihitaji tena kuthibitishwa. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lilitiliana saini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Kikapu bado kiko mbali na fedha hizo, na hapo ndipo penye nafasi. Wakati bei iko chini, Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF) na vyama vya mikoa vinaweza kusisitiza kipengele kimoja katika kila mkataba wa matangazo: kwamba nakala ya picha zote zilizorekodiwa, pamoja na zisizorushwa, ikabidhiwe kwenye hifadhi ya mchezo, na baada ya muda utakaokubaliwa zitumike kwa filamu na mafunzo. Kipengele hicho kinapatikana kwa wepesi kabla ya ligi kuwa na thamani. Baadaye kitakuwa cha kununuliwa.

Tatu ni haki za wanaorekodiwa. Watengenezaji wa Hoop Dreams waligawana mapato ya filamu na familia za wahusika, na waliisaidia familia ya Agee kurudishiwa umeme, uamuzi ambao wenye msimamo mkali wa taaluma waliweza kuuhoji lakini ambao wengi wangeuona kuwa utu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mfumo upo wa kuhakikisha kwamba kijana wa miaka 14 hasainishwi karatasi asiyoielewa na mtu mwenye kamera, kwamba mzazi anashirikishwa, na kwamba filamu ikiuzwa, aliyeibeba kwa maisha yake hapati fulana peke yake.

La nne ni fedha, nalo ndilo gumu. Mikopo inayotolewa kupitia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania imesaidia baadhi ya wasanii, lakini filamu inayohitaji miaka mitatu hadi mitano ya kurekodi haiwezi kurejesha mkopo unaodaiwa kila mwezi. Filamu za aina hii duniani kote hutegemea ruzuku na mauzo ya awali kwa televisheni. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF) limethibitisha kwamba jukwaa la kuonyesha lipo. Kinachokosekana ni fungu dogo la kuanzia, linalotolewa bila sharti la mtoaji kusifiwa.

Lipo pia suala la wahariri wenyewe. Vijana wengi wa mijini wanajua kukata video za harusi na za muziki, kazi zinazodai kasi. Uhariri wa filamu ya makala unadai kukaa na saa 250 bila kujua mwisho, kusikiliza mahojiano ya Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma na kutambua pale mzungumzaji anaponyamaza kwa heshima na pale anaponyamaza kwa hofu. Mhariri wa ng'ambo, hata awe hodari namna gani, husoma maneno ya tafsiri. Ukimya haujatafsiriwa. Hiyo ndiyo sababu ya kitaaluma, iliyo mbali na uzalendo wa maneno, ya kutaka meza ya uhariri iwe karibu na uwanja.

Wapo watakaosema kwamba kikapu kijengwe kwanza, filamu zitafuata. Kauli hiyo ingekuwa sahihi kama picha zingengoja. Uwanja unaweza kujengwa mwakani usipojengwa mwaka huu, na kocha anaweza kuajiriwa baadaye. Lakini mchezaji wa miaka 14 anakuwa na umri huo mara moja tu. Miaka ambayo Thabeet alikuwa akijifunza kuruka na kudaka mpira jijini Dar es Salaam imekwishapita, na picha ambayo haikupigwa wakati ule haiwezi kupigwa tena.

Huenda mwenzake mwingine sasa hivi yuko Mirongo, au anapanda mawe ya Mabatini akirejea kutoka mazoezini. Akifika mbali, hadithi yake itasimuliwa tu, kwa kuwa soko la filamu hizo limeshakuwa kubwa mno kumwacha. Kinachoweza kuamuliwa na viongozi wa mchezo, vyuo na vyombo vya habari vya Mwanza ni kama siku hiyo nchi itakuwa na picha zake za kuweka mezani, au itabaki tena kuandamana baada ya filamu kuonyeshwa.